Fundi wa makaratasi Mkunazini: nilimkabidhi mkebe wa babu

Kama kwenu kuna kasha au mkebe wenye makaratasi ya wazee, na mnaogopa hata kuufungua kwa kuwa kila mkigusa kitu kinameguka, someni haya. Nimerudi Wete, Pemba, wiki iliyopita nikiwa na madaftari mawili ya babu mzaa mama, barua 31, hati mbili na kitita cha risiti, vyote vizima na vinasomeka. Picha za kila ukurasa zimo kwenye flashi. Aliyeifanya kazi hii ni fundi mmoja Unguja mjini, mwenye kiduka cha chumba kimoja nyuma ya Mkunazini. Mlango wake hauna kibao, na ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa yuko yeye na mwanawe tu, na hataki kupokea kazi zitakazomshinda. Ukiuliza kwa fundi wa kujalidi misahafu, watoto wa mtaani watakuonyesha.

Babu alikuwa dalali wa karafuu hapa Wete. Baadaye akapata sehemu katika jahazi, akawa anasafiri nalo Tanga, Mombasa, Lamu, na mara moja Ngazija, huko Komoro. Kila alichonunua, alichouza, alichokopa na alichokopesha alikiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya kuchovya. Alipofariki, bibi alivitia vyote katika mkebe wa biskuti, akaufunga kwa kitambaa, akauweka juu ya kabati. Umekaa hapo maisha yangu yote. Tukiwa wadogo tulikatazwa kuugusa, na tulipokuwa wakubwa tukawa tunaogopa wenyewe.

Nimesomesha historia skuli kwa miaka 29. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi habari za wafanyabiashara wa kigeni waliokuja Zanzibar, na kila mara nilijua karatasi zao ziko wapi. Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alifika Unguja mwaka 1837 akiwa balozi wa kwanza wa Marekani na mfanyabiashara papo hapo, akauza nguo hizi tulizoziita merikani, akanunua pembe na sandarusi. Shajara yake na barua zake zimehifadhiwa huko kwao, zimechapishwa, na mtu yeyote anaweza kujua aligombana na nani forodhani na siku gani aliumwa homa. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg, iliyochuma mali kwa kupeleka kauri za pwani yetu Afrika Magharibi, mafaili yake yamo katika nyaraka za mji wa Hamburg. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza hapa, karatasi zake ziko Edinburgh. Zimewekwa vizuri, na sioni ubaya wowote. Laiti zisingewekwa tusingejua mengi ya kwetu. Lakini wale watu hawakufanya biashara na hewa. Kila gunia walilonunua liliuzwa na mtu, likapimwa na mtu, likaandikwa na karani fulani katika daftari fulani. Madaftari ya upande wetu ndiyo yaliyo juu ya makabati, na mchwa hangoji.

Tunao mfano mmoja mkubwa wa kwetu, Hamed bin Mohammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyeandika habari za maisha yake na safari zake za bara kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu kama za babu, kabla hajafariki Unguja mwaka 1905. Yale yalisalimika kwa sababu Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, aliyaandika upya kwa herufi za Kirumi na kuyachapisha. Babu yangu hakuwa Tippu Tip, wala simlinganishi naye. Alikuwa dalali wa karafuu wa Wete. Nami nilitaka ya kwake pia yasalimike.

Niseme kwanza kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili mwengine asilirudie. Katika mkebe mlikuwa na hati ya tatu, ya bei kheri, yaani kuuza shamba kwa sharti la kulikomboa. Babu aliliweka shamba la mikarafuu huko kwa Mhindi mmoja kisha akalikomboa. Miaka kama kumi na tano nyuma, kaka yangu aliona hati ile inachanika kwenye mikunjo, akaipeleka katika duka moja la steshenari. Wakampigia selotepu kila penye mpasuko, kisha wakailaminisha. Siku ile ilipendeza, inang'aa. Leo selotepu imegeuka rangi ya chai ndani kwa ndani, wino umefifia, na pembeni mwa plastiki kumeingia ukungu usiofutika. Nilipomwonyesha fundi wa Mkunazini, aliigeuza mara mbili, akaishika juu ya taa, akaniambia, "Bi mkubwa, hii sikudanganyi. Nikiifungua itatoka na plastiki yake. Nitaipiga picha, ikae hivyo hivyo." Hakunitoza kitu kwa hati ile. Hapo ndipo nilipomwamini, kwa sababu angeweza kunichukulia pesa na kujaribu.

Siku ya kwanza nilifika baada ya alasiri. Nilipiga hodi, nikakuta meza ndefu, mashinikizo mawili ya mbao ya kujalidia, misahafu imepangwa ukutani ikingoja majalada, na harufu ya wanga. Akauchukua mkebe kwa mikono miwili, akauweka, kisha akaenda kunawa. Aliporudi, mikono mikavu, akafungua. Alitoa kimoja kimoja akitaja kwa sauti, na mwanawe akaandika katika karatasi: daftari kubwa, jalada la ngozi, limeliwa kona ya chini, daftari dogo, halina jalada, barua, moja, mbili, tatu, mpaka 31. Karatasi ile ya orodha tulitia saini sote wawili na nikapewa nakala. Nimepeleka vitu kwa mafundi wengi katika maisha yangu, wa saa, wa cherehani, wa redio, na hakuna aliyewahi kunipa orodha bila ya mimi kumwomba.

Kisha akaniambia mkebe hautalala dukani. Kulikuwa na vijitundu vya wadudu katika daftari kubwa na hakutaka waingie katika misahafu ya watu. Alifunga kila kitu katika plastiki nzito, akakamua hewa, akavipeleka katika friza ya jirani yake anayeuza barafu, vikakaa humo wiki mbili. Mimi nilishtuka. Makaratasi ya babu kulala kwenye barafu! Akanieleza kwamba baridi kali huua mdudu na mayai yake, na kwamba karatasi kavu iliyofungwa vyema haidhuriki, mradi unapoitoa usiifungue mpaka ipate joto pole pole ilingane na hewa ya nje, isije ikatoka jasho. Nilikwenda kuuliza kwa mtu mwengine anayeijua kazi hiyo, naye akaniambia ni kweli.

Kazi ya kuziba mipasuko niliishuhudia siku mbili, kwa sababu nilikuwa kwa mdogo wangu mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo mjini, na sikuweza kukaa nyumbani bila ya kwenda kuchungulia. Hatumii gundi ya dukani. Anapika uji wa wanga wa ngano, anauchuja kwa kitambaa mpaka unakuwa laini kama krimu, anaupaka kwa brashi nyembamba. Juu yake analaza karatasi ya Kijapani, inayotengenezwa kwa maganda ya mti wa jamii ya mforsadi. Ni nyembamba mno, ukiishika mbele ya mdomo inapeperuka kwa pumzi, lakini nyuzi zake ni ndefu na ngumu. Anaichana kwa mkono, haikati kwa mkasi, ili ncha zake zibaki na manyoya na zisiache mstari. Ikishakauka unaona herufi chini yake wazi kabisa. Na akitaka kuitoa siku yoyote, maji kidogo yanatosha. Hili la mwisho ndilo lililonikumbusha selotepu ya kaka yangu.

Kuna kurasa ambazo wino wenyewe umeitoboa karatasi. Wino wa zamani ulikuwa na chuma ndani yake, na kwa miaka unaila karatasi kama kutu. Palipokolezwa wino, kwenye nukta na vichwa vya herufi, pana matundu madogo kama ya sindano. Hapo alitumia karatasi ya Kijapani kwa nyuma tu, kwa uji mzito, usio na maji mengi, kwani maji yanauamsha wino ule.

Picha anapiga kwa kamera iliyofungwa kwenye mkono wa chuma juu ya meza, taa mbili kushoto na kulia, kila ukurasa mzima mpaka ukingoni, kwa rangi. Sisitizeni rangi. Mtu mmoja aliwahi kuniambia nifotokopi tu, nyeusi na nyeupe, itatosha. Isingetosha, na nitaeleza kwa nini.

Fundi mwenyewe hasomi khati, yaani maandishi haya ya herufi za Kiarabu. Anaye Maalim mmoja, mzee wa zaidi ya miaka sabini, anayekuja dukani baada ya alasiri mara tatu kwa wiki, anakaa kwenye barza na wewe na kusoma. Yeye ndiye hazina. Kiswahili cha herufi za Kiarabu kinamtaka mtu anayeijua lugha kuliko herufi, kwa sababu babu zetu waliandika kwa herufi moja ya be sauti za b, p na mb, na o na u zikapewa alama moja. "Pili" na "mbili" zikawa kitu kimoja karatasini. Maalim anasoma sentensi nzima kimya kwanza, midomo ikicheza, ndipo anaitamka. Asipokuwa na hakika anasema, "Hili niliache." Anarudi nalo kesho yake.

Katika daftari kubwa tulifika ukurasa wa Mfunguo Mosi, mwezi unaoanza kwa Idi, mwaka 1354 wa Hijria. Katikati babu amepiga mstari wa wino mwekundu kutoka kulia mpaka kushoto. Juu ya mstari hesabu zote ni rupia. Chini yake, shilingi. Pembeni, kwa herufi ndogo, amejifundisha: mbili kwa tatu, nne kwa sita, kumi kwa kumi na tano. Nilitulia kidogo, nikahesabu, nikajua ninachokitazama. Tarehe 1 Januari 1936 rupia ya Zanzibar iliondolewa na shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia, rupia moja kwa shilingi moja na senti hamsini, na hiyo ilikuwa siku chache tu baada ya Idi. Hili nimelisomesha miaka na miaka kwa sentensi moja ubaoni. Sasa nauona mkono wa babu yangu ukiogopa kukosea. Kwenye fotokopi mstari ule mwekundu ungekuwa mweusi kama mingine, na tungeupita.

Kurasa za 1356, yaani 1937 kuingia 1938, ni nyembamba. Safu ya frasila, kipimo cha uzito wa karafuu, inabaki tupu wiki baada ya wiki. Ule ndio mwaka serikali ya kikoloni ilipokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa 1927, haki ya peke yake ya kununua karafuu ya kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na huko India chama cha Congress kikawaunga mkono, karafuu yetu ikasusiwa mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Dalali kama babu, anayesimama katikati ya mwenye shamba na Mhindi mnunuzi, alibaki hana wa huku wala wa kule. Ameandika alichouza nyumbani: saa ya mfukoni, kitanda cha samadari, mbuzi wawili.

Na katika kurasa hizo hizo ndimo lilimo jambo ambalo sikulitarajia. Maalim alikuwa akinisomea manunuzi: mafuta ya taa, mchele, dawa ya pili, sukari. Ukurasa uliofuata, tena: dawa ya pili. Akasimama. Akasema, "Mbona sijaiona dawa ya kwanza?" Tukarudi nyuma kurasa kumi, haipo. Akasoma tena mbele: dawa ya pili, mara nne kwa mwezi mmoja. Herufi za Kiarabu hazina kubwa wala ndogo. Ghafla nikasikia sauti ya bibi akiwahesabu watoto wake kwa vidole, akimtaja wa kwanza, kisha "Pili, Mungu amrehemu", kisha anaendelea. Mama yangu alizaliwa baadaye kabisa, hakumdiriki dada yake huyo. Nikamwambia Maalim, "Ni mtu. Ni dawa ya Pili." Hakunijibu. Akaweka kidole kwenye mstari, akashuka nao pole pole, ukurasa mwengine, na mwengine, mpaka mwezi wa Rajabu. Hapo pameandikwa bafta, nguo nyeupe ya sanda, mikono kadhaa, na karafuu maiti na ubani, bila ya bei. Ni mahali pekee katika madaftari yote mawili ambapo babu ameandika kitu alichokinunua asiandike bei yake.

Maalim alifunga daftari, akainua mikono, tukamsomea Fatiha palepale barzani. Siku ile hakutaka kulipwa.

Mama ana miaka 84. Nilipofika nyumbani nilimfungulia ukurasa ule kwenye kompyuta ya mjukuu wake, nikamkuzia maandishi. Yeye alisoma chuo cha Kurani, khati anazijua kuliko mimi. Alisoma mwenyewe, tena kwa sauti, akaniuliza Rajabu ile ilikuwa mwezi gani wa Kizungu. Nikamwambia ilianzia Septemba, 1937. Akasema bibi hakuwahi kuwaambia mwezi.

Sasa bei, maana najua mtauliza. Kuziba ni shilingi 3,000 kwa ukurasa, na kurasa 64 ndizo zilizohitaji, ikawa 192,000. Picha ni 500 kwa ukurasa, kurasa 286, ikawa 143,000. Majalada mawili mapya, 120,000. Lile la ngozi la zamani hakulitupa, amelifunga pembeni nikabidhiwe. Boksi la kadibodi isiyo na asidi, lililokatwa kwa kipimo cha vitu vyangu, 40,000. Maalim anachukua 5,000 kwa ukurasa anaousoma na kuuandika kwa Kirumi. Tumesoma kurasa 40 mpaka sasa, 200,000. Jumla 695,000. Si pesa ndogo kwa mwalimu mstaafu. Tulichanga ndugu sita, na hakuna aliyelalamika baada ya kuona kazi.

Yapo yasiyoniridhisha. Aliniahidi wiki tatu, ikawa saba, na nilipanda boti kutoka Mkoani mara moja bure kwa sababu hakunipigia simu kunambia bado. Nilimwambia usoni kwamba mtu wa Pemba hasafiri kama anavuka Darajani, akaomba radhi. Jengine, picha kwenye flashi zimepewa namba tupu; huwezi kujua ipi ni ya daftari kubwa na ipi ni barua mpaka ufungue moja moja. Ilinichukua siku mbili kuzipa majina. Mwambieni mapema afungue folda mbali mbali. Na barua tisa za Kigujarati, za yule Mhindi aliyekuwa akinunua kwa babu, zilisomwa na mama mmoja wa jirani aliyenipa muhtasari tu wa maneno: hii anadai, hii anaulizia gunia, hii anampa pole. Niliuliza pole ya nini, akasema haikuandikwa. Tarehe yake inafuatia Rajabu ile. Natamani kupata tafsiri ya neno kwa neno, na fundi bado hana wa kumpa kazi hiyo.

Msiopenda kuviacha vitu dukani, Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, na hapo mtaona jinsi karatasi za mabalozi na za serikali na miswada ya Kiarabu zinavyotunzwa. Hata kukaa saa moja tu chumba cha kusomea mtajifunza namna ya kushika karatasi ya zamani. Mimi nilitaka ya babu yabaki nyumbani, kwa kuwa mama yuko hai na anayasoma.

Mkienda kwa fundi, nendeni baada ya alasiri, siku ambayo Maalim yupo. Msipige pasi kitu kilichokunjamana, msikipanguse kwa kitambaa kibichi, msichomoe pini iliyoshika kutu, mwachieni yeye. Mkebe wenu uvireni khanga safi ya pamba na mwende nao mapajani, usiwekwe chini ya boti penye maji. Barua za Ngazija, zilizoandikwa na mtu wa Moroni kwa mkono mbaya sana, nimemwachia Maalim. Amesema nirudi baada ya Idi.